Mama Rosa na Nyama Isiyopashwa Moto

Mama Rosa wa Dunga, ufuo wa ziwa pale Kisumu, aliuza samaki miaka thelathini na mitano, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyemwomba kitu akaambiwa hakipo. Ungetaka mbuta siku ambayo magugu yamefunga ufuo na mashua hazitoki, angekuambia kaa hapo kwenye benchi, na kabla hujamaliza chai mbuta yuko mbele yako, na usiulize ametoka wapi. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kwamba binti yake ana hamu ya chakula ambacho Kisumu nzima hakipatikani. Si umemtukana?

Mambo yalianza Jumatatu asubuhi. Agneta, binti yake wa pekee, alikuwa amerudi kutoka Bologna kule Italia wiki saba zilizopita, na masanduku manne, na neno moja: amerudi kabisa. Miaka kumi na tisa alikuwa huko. Mama Rosa alikuwa amempakia chumba rangi mpya, amenunua godoro, ametangaza kanisani. Na Jumatatu hiyo Agneta akaweka kikombe chini, akasema bila kumtazama mama yake usoni, "Mama, nimekata tiketi. Nasafiri Jumamosi."

Mama Rosa hakulia. Alichukua kikombe chake mwenyewe akaenda kukiosha, na chai bado ilikuwamo.

"Nani amekukosea hapa?" akauliza, mgongo umeelekea mlango.

"Hakuna mtu."

"Ni chakula?"

Agneta akacheka kidogo. "Si chakula. Ni mimi tu. Naamka, nakaa. Unapika, nakula. Kule nilikuwa na kaunta yangu, Mama. Watu walipanga foleni wanikute mimi, si mwingine."

Hapo akaanza kumweleza, na ilikuwa mara ya kwanza kueleza hasa. Alisimama nyuma ya kaunta ile siku sita kwa wiki, akikata nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa miezi na miezi. Aliikata nyembamba mpaka ukiinua kipande unaona mwanga upande wa pili. Saa saba mchana walifunga mlango, yeye na bibi mzee mwenye duka, wakala wakiwa wamesimama: mkate mgumu kwa nje, mwororo kwa ndani, nyama ile, na pilipili za siki. Basi. "Wiki saba naota ule mkate," Agneta akasema. "Ukinipatia mmoja hapa Kisumu, mmoja tu wa kweli, naichana tiketi."

Alisema kwa utani. Lakini kuna watu hutakiwi kuwatania, na Mama Rosa alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Katika maneno yote ya kaunta na foleni, yeye alishika moja tu: mkate. Mtoto anaondoka kwa sababu ya mkate. Akafunga leso kiunoni.

Jumanne alizunguka mji. Kwenye duka kubwa alionyeshwa nyama iliyobanwa ndani ya plastiki, rangi yake kama kidole kilichobanwa na mlango. Akainusa hata kupitia plastiki, akairudisha. Kwenye hoteli moja ya watalii aliagiza mkate wa nyama wa Kiitaliano, na kijana wa mezani akaja anatabasamu na sahani: mkate wa kukaushwa, soseji ya kukaanga, tomato sosi, na chipsi juu yake. Mama Rosa akaufungua mkate kwa vidole viwili mbele ya watu wote, vile anavyofungua mashavu ya samaki kuangalia kama bado ni mbichi.

"Hii imekufa lini?" akauliza.

Mama Rosa alilipa, akaacha sahani vile vile, akatoka nje pua juu. Alirudi Dunga miguu inauma na mikono mitupu, na hilo halikuwa limemtokea tangu aanze biashara.

Lakini mwuza samaki ana watu. Usiku huo simu ilipita kutoka soko moja hadi jingine, na Jumatano asubuhi akapigiwa na Debra, mama mmoja aliyekuwa akinunua samaki kwake kwenda kuuza Maseno. "Mama Rosa, kuna mzee huku anaanika nguruwe kwenye kamba kama nguo. Watu wanasema kichwa chake si kizuri. Lakini anaanika."

Saa nne Mama Rosa alikuwa Maseno.

Mzee mwenyewe aliitwa Wepukhulu, Mbukusu mrefu, mjane, aliyewapikia mapadri wa Kiitaliano kwa miaka kumi na minne kabla hawajarudi kwao. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba cha mawe upande usiopigwa na jua, na ndani yake, kwenye kamba, kulining'inia vipande viwili vya nyama vimefungwa kwa uzi, vimekauka, vimeota ukungu mweupe kwa nje. Mama Rosa akasimama mlangoni akavuta pumzi. Chumvi, pilipili manga, na kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake, lakini pua yake ilikifahamu. Maisha yake yote alikuwa amewatia samaki chumvi na kuwaanika. Alijua nyama iliyoharibika na alijua nyama iliyoiva bila moto, na hii ilikuwa imeiva.

"Shingo ya nguruwe," Wepukhulu akasema. "Padri mmoja alinifundisha. Chumvi, pilipili, upepo, na subira."

Akashusha kipande kimoja kizima, akakifunga kwa karatasi, na kabla ya kukiachilia mkononi mwake akasema polepole, "Mama, nisikize. Usipike. Usipashe moto. Kata nyembamba, kula."

"Nimesikia," Mama Rosa akasema.

Alisikia, ndiyo. Kukubali ni jambo lingine.

Alipita mjini kwa Yahya mwoka mikate, akanunua mkate wake wa kila siku, ule laini wenye sukari. Alipofika nyumbani aliiweka nyama mezani akaitazama kwa muda mrefu. Baridi? Nyama baridi, kwa mtoto wake? Kwa akina Mama Rosa chakula baridi ni cha mbwa, au cha mgeni unayetaka aelewe kwamba njia anaijua. Nyama ikienda mbele ya mtu bila moshi, umemwambia neno baya kuliko tusi. Tena kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuwahi kumwambia yeyote. Asubuhi ile Agneta alipoondoka, miaka kumi na tisa iliyopita, mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, moto ukakataa kuwaka, na mtoto akaenda Ulaya na ugali wa jana tumboni, baridi, bila mboga. Gari lilipoondoka Mama Rosa alikaa chini kando ya jiko lililozimika akaapa kwamba mtoto huyu hatakula kitu baridi nyumbani mwake tena. Sasa mzee wa Maseno anaishi peke yake na kamba zake, yeye atajua nini kuhusu kulisha mtoto?

Akakatakata nyama yote vipande kama vya mchuzi. Akatia mafuta kwenye sufuria, kitunguu, nyanya tatu, dhania. Akakaanga ikalainika. Ilinukia vizuri, hilo asinyimwe.

Agneta alipoingia jioni akasimama mlangoni. "Mama, hiyo ni harufu ya nini?"

"Kaa."

Akawekewa sahani inatoa moshi, na mkate wa Yahya kando. Mama Rosa alikaa kitini mbele yake, mikono magotini. Agneta alitia kipande mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna, akaanza tena polepole, macho yamefungwa.

"Mama. Umeipata wapi hii?"

"Kwani iko namna gani?"

"Ni yenyewe. Iko humu ndani ya nyanya, lakini ni yenyewe." Akafungua macho. "Umeikaanga."

"Sasa nikupe ikiwa mbichi?"

Agneta alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka, akawa analia, na Mama Rosa akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona, hata siku ile alipouza samaki aliyelala kwa makosa. Binti yake alimaliza sahani yote kwa heshima, mkate pia, ingawa mkate huo na nyama hiyo havikupatana kamwe, sukari huku na chumvi kule. Kisha akaenda chumbani kupanga masanduku.

Hapo mtu mwingine angekufa moyo. Mama Rosa alilala saa tatu, akaamka saa kumi na moja, na saa mbili za asubuhi ya Alhamisi alikuwa mlangoni kwa Wepukhulu.

"Nimekuja kukuomba msamaha," akasema. Maneno hayo hakuwa mzoefu nayo na yalitoka yamekwaruza. "Niliikaanga."

Wepukhulu akatafuta kigoda, akakaa. "Miezi minne, Mama. Miezi minne nilikuwa naigeuza kila asubuhi nikiisalimu."

"Nimesema nisamehe."

"Na nyanya ulitia?"

"Tatu."

Mzee akafunika uso kwa mikono. Mama Rosa alimwacha aomboleze kidogo, halafu akamwambia yote bila kuficha: tiketi, Jumamosi, kaunta ya Bologna, ugali wa jana. "Mzee, niko na siku mbili. Ile ingine iliyobaki, nipe."

"Hiyo ni ya Krismasi yangu."

"Krismasi itakuja hata bila nguruwe. Mtoto wangu akienda sasa, atanikuta kaburini. Niko na miaka sabini na nne, mimi si wa kungoja tena miaka kumi na tisa."

Wepukhulu aliutazama mlango wa chumba cha mawe, akamtazama yeye. "Wanafunzi wa hapa chuo wanataka niwakaangie," akasema mwishowe. "Walimu wao wananiambia watapata minyoo. Tangu Padri aende sijaona mtu akiikata vile inatakiwa. Huyo binti yako, kweli anajua kukata?"

"Miaka kumi na tisa."

"Basi nyama nitakupa. Lakini sikuachii uibebe. Kesho nakuja nayo mwenyewe, na nitasimama hapo kando ya jiko lako nione kwamba limezimwa."

Kutoka hapo Mama Rosa hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa Yahya na kumweleza mkate anaoutaka: usiwe na sukari, usiwe na maziwa, usiwe na mafuta. Unga, maji, chumvi, hamira, na moto mpaka ganda liwe gumu.

"Mama, huo watu watanirudishia," Yahya akasema. "Watasema umelala wiki."

"Mimi sirudishi. Nataka ishirini, kesho saa nne."

"Na ndani yake unatia nini?"

Mama Rosa angeweza kusema nyama tu. Lakini Yahya alikuwa amemuuzia mkate wakati wa shida na wakati wa raha, na mtu wa namna hiyo humdanganyi. "Nguruwe," akasema.

Yahya alipangusa meza iliyokuwa safi tayari. "Sawa," akasema. "Mkate ni wangu, cha ndani ni chako, kila mtu na lake. Nitakuokea. Ila kikapu nitakachokutilia, Mama, tafadhali, usinirudishie."

Kutoka nyuma ya pazia mkewe Habiba akanyoosha mkono na chupa ya pilipili za siki alizotengeneza mwenyewe. "Hata na hii chupa," akasema. "Kaa nayo tu."

Ijumaa mchana kina mama wa kanisa walikuja Dunga kumuaga Agneta. Walikuwa saba, wamevaa vizuri, wamekuja na njaa yao kamili, kwa kuwa kwa Mama Rosa hakuna aliyewahi kutoka bila kushiba samaki. Wakaketi. Wakanusa hewa. Hakuna kitu kilichokuwa kinanukia. Wepukhulu alikuwa amesimama kando ya jiko na koti lake la Jumapili, kama askari wa benki.

Mama Rosa akatoka na ubao. Juu yake kulikuwa na ile nyama nzima kama ilivyotoka kwenye kamba, uzi na vyote, baridi. Kando yake mikate ishirini, na chupa ya Habiba. Akaviweka katikati ya meza, mbele ya macho yote.

Jirani yake Celestine, ambaye hajawahi kuweka neno akiba, akainama mbele. "Rosa, umeishiwa na makaa?"

"Makaa niko nayo gunia zima," Mama Rosa akasema. Masikio yalikuwa yanawaka moto, lakini hakuyashusha macho. "Leo hapa kwangu watu wanakula baridi. Ambaye hawezi, aende kwake akapashe maji anywe."

Hakuna aliyetoka. Agneta alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, ameshika zipu ya sanduku, hajui kama anaota. Alisogea mezani. Hakuigusa nyama kwanza, aliinama akainusa, na uso wake ukabadilika.

"Nani amekausha hii?"

"Mimi," Wepukhulu akasema kutoka kwenye jiko.

"Inahitaji kisu," Agneta akasema. "Si cha jikoni. Kinatakiwa kirefu, chembamba, chenye kupinda."

Na hapo, jamani, Mama Rosa akajua kwamba Jumatatu alikuwa amesikia vibaya. Si kwamba masikio yalikosea, ni moyo uliochagua neno lisilofaa. Mtoto hakuwa na njaa ya mkate. Mtoto alikuwa na njaa ya kisu. Mama Rosa aliingia ndani, akafungua kasha lililo chini ya kitanda, akafunua kitambaa chenye mafuta. Kilikuwa kisu chake cha kupasulia mbuta, kimenolewa kwenye jiwe miaka thelathini na mitano mpaka ubavu wake umebaki mwembamba kama utepe. Tangu aache biashara hakuwa amempa mtu yeyote akishike.

Agneta akakipima mkononi. Akakata uzi, akamenya ganda la nje, akaweka kiganja juu ya nyama, na mkono wa kulia ukaanza kwenda. Haukuwa na haraka. Kisu kikapita kikirudi, kikipita kikirudi, na vipande vikaanza kulala ubaoni kimoja juu ya kingine, vyekundu na mishipa yake myeupe. Alichukua kimoja akakiinua kuelekea dirishani, na kina mama wote saba wakaona mwanga wa ziwa ukipita ndani yake. Hata Celestine alifunga mdomo. Mama Rosa alimtazama binti yake akisimama wima, mabega yameshuka, uso umetulia, na akawaza kwamba wiki saba hizi alikuwa anakaa na mtu mwingine, huyu ndiye mwanawe.

Wepukhulu alisogea hatua mbili kutoka kwenye jiko. Alitoa kitambaa mfukoni akapenga kamasi kwa kelele. "Ndiyo hivyo," akasema. "Ndiyo hivyo hasa."

Agneta akapasua mkate wa Yahya. Ganda lilivunjika kwa sauti, ndani mkawa mweupe na mwororo. Akapanga nyama mikunjo mikunjo, akatia pilipili tatu za Habiba, akafunika, akakandamiza kwa kiganja. Wa kwanza hakuula yeye. Alizunguka meza akampa mama yake kwa mikono miwili.

Mama Rosa akautazama mkate. Nguruwe, haijaona moto, baridi, mbele ya kanisa. Akauma. Ganda likamkwaruza mdomo, halafu chumvi ikafika, halafu utamu usio wa sukari, halafu ukali wa siki ukafagia vyote, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameuma tena.

"Iko aje?" Celestine akauliza, shingo ameinyoosha.

"Ngoja zamu yako," Mama Rosa akasema, mdomo umejaa.

Mikate yote ishirini iliisha. Celestine alikula miwili, na wa tatu akaufunga kwenye leso akidai ni wa mumewe. Agneta alikula wake wa mwisho akiwa amesimama, ameegemea meza, saa saba na dakika kadhaa, na machozi yalimtoka bila yeye kuhangaika kuyafuta. Kisha akamgeukia Wepukhulu.

"Mzee, uko na ngapi kama hii?"

"Hiyo ilikuwa ya mwisho." Mzee akatikisa kichwa, halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Lakini nguruwe niko nao kumi na mmoja."

Agneta alikipangusa kisu taratibu, pande zote mbili. Hakukirudisha kwenye kitambaa chake. "Mama," akasema, "hiki nitakaa nacho."

"Bologna hawana visu?"

"Bologna wana visu," Agneta akasema. "Nimesema nitakaa nacho."

Mama Rosa akaanza kukusanya sahani ambazo hazikuwapo.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa kwa Yahya. Ndege ya Nairobi ilipita juu ya mji, ikakata kona juu ya ziwa, na Mama Rosa akaisikiliza mpaka ikaisha. Wakati huo Agneta alikuwa Maseno kwenye chumba cha mawe, mikono imejaa chumvi hadi kwenye viwiko, anabishana na Wepukhulu juu ya pilipili manga.

Yahya alitoka na mikate ya moto, akatazama chini. "Mama Rosa, leo umekuja na kikapu chako mwenyewe."

"Nimekuja nacho," Mama Rosa akasema. "Tena kitundike hapo ukutani upande wangu, kisichanganyike na vyako. Nitakuwa nakuja kila siku."